Chupa ya Zamu ya Asubuhi

Shemeji yangu alisema sitamaliza miezi mitatu kwenye mashine. Aliyasema hayo sebuleni kwangu Mtopanga, amekalia kiti nilichokinunua mimi, chini ya kiyoyozi nilichokifunga kwa mikono yangu. Huyu ndiye aliyewahi kusema sitapata diploma, kwa sababu karo ya nyumbani iliishia darasa la nane. Niliipata, ya friji na viyoyozi, kwa kubeba saruji mchana na kusoma jioni. Akasema Uarabuni nitarudi baada ya wiki mbili nikilia. Nilikaa miaka tisa. Nilianza kwa kuwashikia mafundi ngazi, nikaondoka nikiwa na mafundi kumi na mmoja chini yangu, na baadhi yao walikuwa na digrii. Kiwanja, nyumba ya vyumba vitatu, kisima cha uani, vyote vimetoka kwenye mikono hii. Hakuna mjomba aliyenisukuma, wala sikuitishiwa harambee.

Figo nazo ziliharibikia huko. Nilikuwa na presha bila kujua, nikawa nafanya kazi juu ya mapaa ya joto huku nikimeza dawa za maumivu kama pipi. Nilirudi na masanduku manne na miguu iliyovimba mpaka viatu vikanikataa. Daktari akaniambia nitasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, maisha yangu yote, au nipate mtu wa kunipa figo. Ndipo shemeji akatoa ile miezi mitatu yake.

Huu ni mwaka wa tano. Naandika kwa mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto una sindano mbili.

Kliniki yetu iko ghorofa ya kwanza huku Kisauni, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukilala kitandani unasikia mabati yakishushwa huko chini. Chumba kina vitanda vinne na mashine nne, na zamu ya asubuhi ya Jumanne na Ijumaa tulikuwa watu wanne wale wale. Karibu na mlango alilala mama mmoja wa Mishomoroni, mkaanga viazi karai, ambaye mimi nilimwita mama na yeye akaniita mwanangu, ingawa hakunizidi hata miaka kumi na mitano. Kitanda cha pili kilikuwa cha dereva wa trela, mtu wa bara aliyekaa Changamwe. Cha tatu kilikuwa changu. Dirishani alikaa mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Ziwa la Ng'ombe, mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari: kilo alizokuja nazo, kilo alizoondoka nazo, vikombe vya maji alivyokunywa katikati.

Siku yangu ya kwanza sista aliniuliza, "Chupa yako iko wapi?"

"Chupa gani?"

Dereva akacheka. "Buda, umetoka majuu ukidhani hapa ni hoteli?"

Ndipo nikaelezwa. Damu ikipita kwenye mipira ya mashine hutaka kuganda, kwa hiyo unadungwa heparini ili isigande. Bima ililipia mashine. Heparini ilipoisha pale kliniki, na iliisha mara kwa mara, kila mgonjwa alitakiwa aje na chupa yake kutoka duka la dawa. Chupa moja ndogo ina dozi tano hivi. Mimi sikuwa nayo.

"Muacheni mgeni," akasema yule mama. "Sista, mtolee kwangu."

"Ahsante, mama. Sitasahau."

"Usisahau, hata. Hapa hatupeani, mwanangu, twakopeshana. Ukipewa utaona haya kurudi kuomba. Ukikopa utarudi huna wasiwasi."

Huo ndio uliokuwa mtindo wa zamu. Aliyekuwa na chupa alimkopesha asiyekuwa nayo, naye alirudisha dozi, si pesa. Miezi ile ya mwanzo nilikuwa nimemaliza akiba yote hospitalini, nikakopa dozi tatu kwa mama na mbili kwa dereva. Mwalimu alinikopesha nne. Yeye alikuwa ametoka kukatazwa heparini kabisa, kwa sababu tumbo lake lilikuwa linavuja damu ndani, na chupa yake karibu nzima ilikuwa imekaa bure. Akaandika kwenye daftari: nne.

Mimi si mtu wa kukaa na deni, wala si mtu wa kulala kitandani kwa saa nne nikitazama dari. Pembeni mwa chumba palikuwa na friji iliyokufa, wanaihifadhia fomu. Nikamuuliza sista imekufa lini. Akasema mafundi wawili wameitazama wakasema itupwe. Jumatano, siku yangu ya kupumzika, nilipanda ngazi zile na mkoba wangu wa vifaa. Nikabadilisha relei ya mota, nikaongeza gesi, nikapachika mpira mpya mlangoni. Saa sita mchana ilikuwa inagandisha. Mafundi wawili walishindwa, mgonjwa wa figo akaiwasha. Tangu siku hiyo jina langu likawa Injinia.

Friji ile ndiyo iliyonipa wazo. Nilikuwa nimeona kwamba dozi moja ikishatolewa, zilizobaki aghalabu hupotea. Mtu anaisahau chupa kwenye mkoba, inapata joto, sista anaikataa. Nikawaambia wenzangu tuwe na chupa moja ya zamu. Leo anunue huyu, ikiisha anunue yule, na mabaki yakae kwenye friji yangu mpaka Ijumaa. Mabomba ya sindano nayo yalikuwa haba, hivyo nikayapangia utaratibu wake. Kila mtu angekuwa na bomba lake kwa siku ile, limebandikwa plasta yenye alama yake, nalo litumike kwa dozi ya kwanza asubuhi na kwa nyongeza ya saa ya tatu. Tulichangia chupa. Bomba lilikuwa la mtu mwenyewe, na hakuna aliyeguswa na sindano ya mwenzake. Hilo nilisisitiza. Nilijiona nimefikiria kila kitu.

Sista alikuwa mmoja kwa mashine nne, na simu ya mezani ilikuwa yake pia. Alisita kidogo, akauliza kama chupa itakaa baridi sawasawa. Nikamwonyesha kipimajoto.

Niliandika utaratibu ule kwenye kadibodi kwa kalamu nene, herufi kubwa zilizonyooka, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Chupa ya kwanza niliinunua mimi, na moyoni nikahesabu kwamba madeni yangu yameisha. Hatukukosa heparini tena. Wagonjwa wa zamu ya mchana walikuja kusoma ile kadibodi. Mwalimu, ambaye hakuwa anaitumia, alisema hesabu yake imekaa vizuri, na mwalimu hasifu ovyo.

Mama wa Mishomoroni alikuwa na matumaini ambayo sisi wengine hatukuwa nayo. Binti yake mkubwa alikuwa amepimwa, damu zimelingana, amekubali kumpa figo moja. Tarehe ilikuwa imetolewa. Tangu aipate, zamu nzima iliishi kwenye tarehe hiyo. Sisi watu wa mashine maji tunayanywa kwa kupimiwa, na mama alikuwa anazungumzia maji kama watu wanavyozungumzia harusi.

"Nikiamka na figo ya mwanangu," akasema siku moja, "nitakunywa jagi zima. Wallahi, jagi zima, tena baridi. Halafu nikojoe mpaka majirani waulize ni mfereji gani umepasuka."

"Mama, utafurisha Mishomoroni," akasema dereva.

"Ihamishwe!"

Wiki chache kabla ya upasuaji wakampima damu upya, vipimo vyote, kama wafanyavyo. Ijumaa moja nilifika nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, hajavua viatu. Alinipa karatasi niisome, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasoma karatasi za zamu. Ilisema ana virusi vya homa ya ini, aina ya C. Alipoanza mashine hakuwa navyo. Hilo pia lilikuwa limeandikwa.

"Wameahirisha," akasema.

"Mpaka lini?"

"Wasema mpaka vitoke. Vyatoka?"

Nilisema vinatoka. Sikuwa najua.

Walitutoa damu sote siku hiyo hiyo. Majibu yalikuja Jumanne. Mama alikuwa navyo, dereva alikuwa navyo, mimi nilikuwa navyo. Mwalimu hakuwa navyo. Nakumbuka sista alikuwa anazungumza na nikawa natazama kipimajoto cha friji kupitia kioo cha mlango. Kilikuwa kimesimama nyuzi nne, mahali pake hasa. Sikuhisi kitu. Nilisubiri nihisi kitu, na mabati yakawa yanashushwa chini, moja, jingine, jingine.

Nyumbani nilimwambia mke wangu wakati anakuna nazi. Akaacha, akauliza kama atenge vikombe. Nikasema hapana, homa hii inapita kwa damu, si kwa kikombe. Akaendelea kukuna. Mimi mwenyewe nikautoa wembe wangu bafuni nikauweka kwenye kabati la vifaa, pamoja na bisibisi.

Wiki iliyofuata akaja daktari mwingine kutoka nje ya kliniki, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, kazi yake kutafuta njia ambayo virusi vimepita. Alikagua mashine, akauliza inavyosafishwa kati ya zamu na zamu, akatazama glavu. Hakuona alichokuwa anatafuta. Kisha akauliza kuhusu dawa. Sista akaanza kueleza, akababaika, nami nikaingilia. Nilisema utaratibu huu naweza kumwonyesha vizuri zaidi.

"Nionyeshe," akasema.

Nilikuwa bado sijaunganishwa na mashine. Nikafungua friji, nikatoa chupa, nikachukua bomba lenye plasta yenye alama yangu. Nilikuwa najisikia kama niko mbele ya wanafunzi.

"Chupa ni ya wote," nikasema. "Bomba ni la mtu. Asubuhi sista anavuta dozi kwenye chupa kwa bomba langu, anaiingiza kwenye mpira wa damu yangu. Bomba linakaa kwenye trei yangu, hakuna mwingine anayeligusa."

"Na nyongeza ya saa ya tatu?"

"Bomba lile lile. La mtu mwenyewe."

"Ambalo lilikuwa kwenye mpira wa damu yako."

"Ndiyo. Yangu. Si ya mtu mwingine."

"Sawa. Kabla ya kukudunga hiyo nyongeza, bomba linaingia wapi?"

Nilikuwa nimeshaliinua. Ncha ya sindano ilikuwa karibu na mfuniko wa chupa, umbali wa ukucha. Niliiona. Chembe ya damu isiyoonekana kwa macho, ya yeyote kati yetu, inarudi ndani ya chupa ya wote, na chupa inarudi ndani ya friji yangu, nyuzi nne, inatungoja Ijumaa. Mwalimu hakuguswa kwa sababu tumbo lake lilikuwa linavuja.

Nililaza bomba kwenye trei.

"Ni nani aliyeanzisha utaratibu huu?" akauliza daktari. Hakuwa mkali. Alikuwa na kalamu mkononi.

Mimi ni mtu ambaye hata mtaa ukipata maji husema ni kwa sababu niliipigia simu kampuni. Mdomo wangu hautoi nafasi. Siku ile ulikaa kimya. Sista alitazama viatu vyake. Dereva alijifunika shuka.

"Sote," akasema mama. "Andika sote, daktari. Twakopeshana hapa."

Daktari alitazama mlango wa friji kwa muda, kisha akaandika. Alituambia hatatafuta nani alikuwa na virusi kwanza, kwa sababu jibu hilo halimtibu mtu. Kuanzia siku hiyo kila chupa ni ya mtu mmoja na kila dozi ina bomba jipya. Kitanda cha dirishani na mashine yake vikabaki vya mwalimu peke yake, nasi watatu tukatengewa upande wetu.

Tulipewa vidonge. Kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili, halafu wiki nyingine kumi na mbili za kungoja kabla ya kipimo cha mwisho. Nilivimeza saa moja asubuhi kila siku, sikukosa hata kimoja. Shemeji angeweza kuja kuhesabu. Kliniki ilikuwa kimya zaidi. Dereva alijaribu mara moja, "Injinia, leo friji inasemaje?" Hakuna aliyecheka, hata yeye. Akawa analala tu na kofia usoni. Mama alikuwa anahesabu wiki kwa vidole.

Wiki ya kumi na tisa alifika amechelewa, akapanda kitandani, akanyoosha mkono kwa sista. Tukiwa tumeshaunganishwa wote, akasema kama anayesoma tangazo, "Binti yangu ana mimba."

Dereva akaitoa kofia usoni.

"Hongera, mama," akasema mwalimu mwishowe, kutoka dirishani.

"Ahsante. Mjukuu ni baraka." Akavuta kanga yake. "Mwenye mimba hatolewi figo. Ajifungue, anyonyeshe, apumzike, apimwe tena. Tukijaliwa. Alikuwa angoja upasuaji, akaona wachelewa, mumewe karudi safari. Mimi nitamkasirikia nani?"

Mashine ziliendelea kuzunguka. Nilikuwa na la kusema na nikawa nahesabu mizunguko ya pampu.

Kipimo cha mwisho kilitoka kizuri kwa wote watatu. Virusi havikuonekana. Sista alipiga makofi peke yake. Mama alikunja karatasi yake ndogo kabisa akaitia kwenye mkoba. Ilikuwa karatasi ile ile aliyoisubiri ili siku moja anywe jagi lake la maji, na sasa haikuwa na pa kupelekwa.

Siku hiyo nikirudi nyumbani nilikumbuka hesabu yangu ya zamani. Tatu, mbili, nne. Nilikuwa nimezifuta kwa kuwa chupa ya kwanza ya pamoja niliinunua mimi. Nikaona sikuwa nimelipa hata moja.

Wakati huo kazi zilikuwa zimenirudia. Nilikuwa nimetoka kufunga chumba cha baridi cha duka la samaki Likoni, kazi ambayo kampuni kubwa iliikimbia. Nikanunua chupa tatu za heparini na pakiti tatu za mabomba. Jumatatu, siku isiyo ya mashine, nikaanza safari.

Mwalimu nilimpata barazani kwake Ziwa la Ng'ombe. Alisema heparini hatumii, ninalijua hilo. Nikasema deni ni deni. Akafungua daftari la zamani, akatafuta ukurasa kwa kidole, akapiga mstari juu ya ile nne. Chupa akaniambia atampa mgonjwa mpya wa zamu ya mchana, ikiwa imefungwa vile vile.

Dereva alikuwa kwenye chumba chake Changamwe, anasikiliza trela zikipita, maana ile aliyokuwa akiiendesha ameshapewa mtu mwingine. "Nilikukopesha dozi mbili, buda. Unaniletea chupa nzima na sindano? Umeuza kiwanja?" Kisha akaacha mzaha, akaishika chupa. "Basi poa. Tumemalizana." Akaniuliza kama najua kurekebisha feni. Nilimrekebishia feni.

Mishomoroni nilifika saa kumi na nusu. Mama alikuwa mlangoni kwake na karai lake, viazi vimeshachovywa unga wa manjano, mafuta yanachemka. Yeye hukaanga asivyoruhusiwa kula. Viazi ni sumu kwa watu kama sisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo si Jumanne."

"Nimeleta deni. Dozi tatu."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea chupa kwa mikono miwili. Akaielekeza kwenye mwanga, akaupitisha ukucha wake kuzunguka mfuniko.

"Haijafunguliwa?"

"Haijafunguliwa."

"Na mabomba?"

"Mapya. Moja kwa kila dozi."

"Humu mna dozi tano. Mbili za ziada ni zangu ama wanidai?"

"Zote zako, mama." Nikabaki nimesimama. Mafuta yalikuwa yanaruka. "Mpango ule ulikuwa wangu. Siku ile daktari alipouliza, ilikuwa niseme."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyesahau chenji yake.

"Ilikuwa useme nini? Kadibodi si uliiandika wewe? Jina lako si lilikuwa pale chini, na diploma yako? Daktari aliisoma yote akiwa amesimama."

Nilikuwa nimesahau. Niliiandika kwa kalamu nene: jina langu lote, na chini yake, Diploma ya Friji na Viyoyozi. Ilikuwa bado imebandikwa mlangoni siku ile, usawa wa macho, wakati mimi nimenyamaza.

"Mbona uliposema sote hukunitaja?"

"Ungetajwa mara ngapi?" Akaingia ndani, akaitia chupa kwenye mkoba wake wa kliniki, akafunga zipu, akarudi kwenye karai. Kulikuwa na wateja wawili wanangoja. Akageuza viazi kimoja kimoja.

Nilikaa kidogo, kisha nikaaga. Sikuwa nadaiwa na mtu yeyote.